Jina Moja, Vipimo Viwili

Mguu wa kwanza uligoma Jumatatu asubuhi, mbele ya watu.

Mama Mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi la karakana, amevua kiatu cha mguu wake mzima na kukiweka pembeni kwa adabu, kama mtu anayeingia chumba cha wageni. Fundi alimvisha soksi ya kigutu, kisha akamwingizia kikombe, yaani ile sehemu ya juu ya mguu bandia inayopokea kilichosalia chini ya goti. Alikaza mkanda, akarudi nyuma. Mama Mkubwa akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili kikombe kilizunguka, vidole vya mguu bandia vikageukia ukutani, naye akabaki ameking'ang'ania chuma kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu," alimwambia binti wa mdogo wake, aliyekuwa amesimama kando ya mashine ya kuchonga, "huu mguu una safari zake. Mimi naelekea mlangoni, wenyewe unaelekea dirishani."

Waliokuwa wakingoja zamu yao walicheka. Binti hakucheka. Programu iliyoiongoza mashine ile ilikuwa kazi ya mikono yake.

Karakana nzima ilimwita Nukta. Jina lilitoka kwa Fundi, aliyemkuta katika wiki yake ya kwanza akiitafuta nukta moja iliyopotea ndani ya kurasa za msimbo, akaipata, akajipigia makofi peke yake. Nukta alikuwa amesoma hisabati chuo kikuu, na alikuwa na tabia ya kusoma jambo mara mbili kabla ya kulisema mara moja. Kwa mtu wa namna hiyo, kikombe kinachozunguka ni tusi.

"Tutapima upya," alisema.

"Pimeni," alijibu Mama Mkubwa, akikaa. "Lakini mwezi haungoji."

Hilo Nukta alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Tangu alipotoka hospitali alikuwa akiishi kwa mdogo wake, mama yake Nukta, katika nyumba ya chini yenye ua. Majirani wa ghorofani walijitolea kumbeba kwenye kiti hadi juu, naye aliwashukuru, akakataa. Kisha, bila kumuuliza mtu, alikwenda kwa msimamizi wa jengo na kumwambia kwamba mwezi ukiisha kabla hajazipanda ngazi zile kwa miguu yake, atarudisha ufunguo, apewe mwenye kuihitaji nyumba. Sibebwi kwenda kwangu, alisema, na aliposema neno lilikuwa limesemwa.

Jioni ile, jikoni, dada hao wawili walikuwa katika mazungumzo yao ya kawaida.

"Dada, umezihamisha tena sufuria zangu."

"Nimezipanga. Zilikuwa zimelala hovyo kama askari walevi."

"Hapa ni jikoni kwangu."

"Najua. Ndiyo maana nataka kwenda kwangu."

Mama yake Nukta aliweka kijiko mezani. "Hata ukikaa hapa hadi tuzeeke, nani amekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Ningekuwa nimefukuzwa ningekaa, ili nikukere." Akapapasa goti lake. "Kwangu nilijua kila sauti. Bomba la jirani, mlango wa chini, yule mtoto anayepiga filimbi vibaya. Hapa nasikia maisha yako wewe. Ni maisha mazuri. Si yangu."

Nukta alisikiliza akiwa mlangoni.

Mguu wa pili ulichongwa Jumatano. Nukta mwenyewe alikuwa amekipima kigutu upya, akaingiza upana mdogo zaidi wa kikombe, akahakikisha kwamba skrini ya karakana inaonyesha kipimo kipya. Skrini ilionyesha. Mashine ikalia, vumbi jeupe likaruka nyuma ya kioo, kikombe kikatoka. Mama Mkubwa akavaa, akasimama, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na vidole vikageukia ukutani kama juzi.

"Huyu ni yuleyule," alisema, bila hasira. "Amebadilisha shati tu."

Fundi aliuchukua mguu mpya na kuuweka mezani sambamba na wa zamani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tupa ya kukwangulia mfukoni mwa aproni wakati wote, kama wengine wanavyobeba kalamu. Alitia vidole ndani ya kikombe kimoja, kisha cha pili.

"Mapacha," alisema.

Nukta alivipima kwa chombo. Vilikuwa sawa, hadi sehemu ndogo ya milimita. Kipimo kilikuwa kimerekebishwa, mguu haukurekebika, na skrini ilikuwa ikidai kwa utulivu kabisa kwamba yote ni shwari. Palepale aliingiwa na wazo lililomfanya aketi.

"Fundi. Vikombe vya wagonjwa wengine, tangu mashine ianze. Vilikuwaje?"

Fundi aliitazama tupa yake. "Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vinabana kidogo. Napitisha tupa ndani, vinaingia."

"Vingapi vilibana?"

"Nukta, nawe! Vyote."

"Vyote? Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Alionekana kuumia kidogo. "Kikombe kinachotengenezeka kwa tupa hakirudishwi kwa aliyekichonga. Ndivyo nilivyoikuta karakana hii, na wazee walioniachia benchi walikuwa hivyo. Kumrudishia mwenzako kazi inayorekebishika ni kumvunjia heshima. Nikadhani mashine yako ni bahili tu wa nafasi. Kuna watu bahili na wanaishi."

Nukta alijikuta akicheka, na Fundi naye akacheka kwa kuona ameruhusiwa. Lakini akili ya Nukta ilikuwa imeshaondoka. Kila kikombe kilichotoka kilikuwa na upana uleule, upana wa kawaida, ambao kwa makusudi uliwekwa mdogo. Wagonjwa wengi walikuwa wanene kuliko kawaida hiyo, na adabu ya Fundi ilikuwa imeziba pengo kila mara. Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza mwenye kigutu chembamba. Tupa hupunguza ukuta wa kikombe, haijui kuuongeza.

Alirudi kwenye meza yake, akafungua programu, na kabla ya kuisoma aliutazama ukuta uliokuwa mbele yake, ambako alikuwa ametoa wazo la programu hiyo.

Ukutani palikuwa na misumari, kumbukumbu ya siku za kabla ya kompyuta, na kadi chache bado zilining'inia. Kwenye kila msumari ilitundikwa kwanza kadi ya wote, yenye vipimo vya kawaida: upana wa kikombe, unene wa ukuta wake, na kadhalika. Juu yake ikatundikwa kadi ya mgonjwa. Palipokuwa na kipimo chake maalumu kiliandikwa. Pasipokuwa nacho, Fundi alikata kidirisha kwa mkasi, na kipimo cha wote kikachungulia kutoka chini. Ukisimama mbele ya msumari ulisoma mguu mmoja tu, uliokamilika. Cha juu kilikifunika cha chini, na kilichokosekana juu kilitolewa na cha chini bila mtu kuulizwa.

Nukta alikuwa ameupenda utaratibu huo kiasi cha kuuhamishia kwenye msimbo. Orodha ya wote, ambamo kila kipimo kina jina lake. Orodha ya mtu, yenye majina machache tu. Kisha amri moja fupi ya kuziunganisha, ya mtu ikifuata ya wote. Aliamini kwamba ikija ya pili, itafunika.

Sasa aliiambia lugha ya kompyuta imwonyeshe orodha iliyounganishwa, nzima, bila mapambo. Ikamwonyesha. Upana wa kikombe ulikuwamo karibu na mwanzo, wa wote. Akashuka na macho. Chini kabisa ulikuwamo tena, jina lilelile, herufi kwa herufi, wa Mama Mkubwa.

Lugha haikuwa imefunika kitu. Ilikuwa imezipanga orodha mbili kwenye mstari mmoja, kama watu wa foleni, na haikuona ajabu kwamba wawili kati yao wana jina moja. Mashine ilipoita upana wa kikombe, aliitika wa mbele. Wa nyuma alinyamaza, kwa kuwa mwenziwe ameshaitika. Skrini nayo haikuita jina. Iliipitia orodha kuanzia juu hadi chini, ikijaza visanduku, na ilipokutana na jina kwa mara ya pili iliandika juu ya lililotangulia. Hivyo skrini ilimwona wa mwisho na mashine ilimwona wa kwanza. Watu walisoma mguu mmoja, ukachongwa mwingine.

"Nimempata," alisema kwa sauti.

"Nani?" aliuliza Fundi kutoka kwenye benchi lake.

"Upana. Wako wawili."

Fundi alikuja na kusimama nyuma yake, akakunja uso mbele ya herufi. "Basi mtangulize wa Mama. Si aitike yeye kwanza?"

"Nimefikiria hivyo. Mashine itapona. Halafu skrini itamwona wa wote, kwa kuwa atakuwa wa mwisho. Utasoma uongo na kuchonga ukweli."

"Mimi naishi na uongo mdogo."

"Najua, umeupiga tupa miezi yote hii." Akamtazama na kutabasamu. "Dawa si kuwapanga upya. Dawa ni jina moja libaki na kipimo kimoja."

Aliandika taratibu, akisema maneno chini ya pumzi kama anayemfundisha mtu aliye mbali. Chukua orodha ya wote. Pitia orodha ya mtu, jina moja baada ya jingine. Jina likiwapo tayari, toa thamani ya zamani na uiweke mpya mahali palepale. Likiwa halipo, liongeze. Mengine yote yaache yalivyo. Ilikuwa mistari michache. Alipoiendesha na kuomba tena orodha nzima, upana wa kikombe ulikuwamo mara moja tu, nao ulikuwa wa Mama Mkubwa.

Alitia bonge jipya la kuchongwa kwenye mashine na kubonyeza. Mashine ilianza, ikasita, ikasimama. Kwenye skrini yakatokea maneno mekundu: ugumu wa kifundo haukupatikana.

Mwingine angekata tamaa. Nukta alihisi kitu kinachofanana na shukrani. Miezi yote hiyo programu ilikuwa imekosea huku ikitabasamu. Sasa, kwa mara ya kwanza, ililalamika, na mlalamikaji unaweza kumuuliza anakoumwa.

Kifundo cha mguu hakikuwa kipimo kimoja. Kilikuwa orodha ndogo ndani ya orodha kubwa: pembe ya wayo, ugumu wa chemchemi, ukubwa. Kwa Mama Mkubwa walikuwa wamebadilisha pembe peke yake, wayo uinuke kidogo usijikwae kwenye ngazi. Msimbo mpya ulipokutana na jina kifundo ulifanya kama ulivyoamriwa: ulitoa kifundo chote cha wote na kuweka cha Mama Mkubwa, kilichokuwa na pembe tu. Ugumu na ukubwa vikaenda na maji. Ilikuwa kana kwamba mtu ametundika kadi nzima isiyokatwa hata kidirisha kimoja.

"Anataka nini tena huyu?" Fundi aliuliza.

"Anataka tuingie ndani. Tumefika mlangoni pa kifundo tukabomoa nyumba, na tulikuja kubadilisha balbu."

Akaongeza sharti moja. Ikiwa thamani ya zamani yenyewe ni orodha, na mpya nayo ni orodha, usitoe kitu. Ingia ndani, na huko ndani fanya yaleyale uliyofundishwa huku nje. Kwa amri hiyo utaratibu ukawa unajiita wenyewe, mdogo ndani ya mkubwa, kwa kina chochote kitakachotokea. Nukta aliitazama mistari ile kwa muda. Aliona uzuri wake, na aliona pia kitu alichokuwa akikikosa tangu Jumatatu. Mama Mkubwa hakuwa ameomba mguu wa ajabu. Karibu kila kitu chake kilikuwa cha watu wote. Machache tu yalikuwa yake, na katika miguu miwili hakuna aliyeyachonga.

Alibonyeza. Mashine ilianza, na safari hii haikusita.

Ilipokuwa ikichonga, Fundi alimwomba Nukta ajaribu pia kikombe cha mwashi mmoja aliyekuwa akingoja benchini tangu asubuhi, mtu mwenye mapaja kama nguzo. Kilipotoka, Fundi alichomoa tupa kwa mazoea, akamvisha mwashi, akainama asikilize malalamiko. Mwashi alisimama, akaenda hadi dirishani, akarudi.

"Kinabana wapi?" Fundi aliuliza.

"Hakibani."

"Jaribu tena. Lazima kinabana mahali."

"Ndugu yangu, hakibani. Unataka niseme uongo?"

Fundi alibaki ameshika tupa hewani. Kisha akaiweka mezani, kwa heshima, kama anayeketisha mgeni. "Nukta," alisema, "umenifukuza kazi," na akamshika mkono akautikisa mpaka bega likauma.

Mama Mkubwa aliuvaa mguu wa tatu bila mzaha. Alipiga hatua ya kwanza, ya pili. Vidole vilitazama mbele. Alifika mwisho wa vyuma, akageuka, akarudi, akageuka tena, na aliporudi mara hii mikono yake haikuwa ikigusa chuma, ilikuwa ikielea juu yake tu kama anayebariki. Kisha akasema: "Huyu ananijua."

Walifanya mazoezi Alhamisi na Ijumaa kwenye ngazi za nyuma za karakana, Fundi akihesabu kwa sauti hadi alipokatazwa kuhesabu. Jumamosi, siku ya mwisho ya mwezi, walisimama wote wanne mbele ya jengo: Mama Mkubwa, mdogo wake, Nukta na Fundi, aliyekuwa amevaa shati la pasi na kudai kwamba alikuwa akipita tu.

"Asinishike mtu," alisema Mama Mkubwa.

"Nani anakushika?" alisema mdogo wake, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mkono.

Ngazi zilikuwa za saruji, zimelika katikati kwa nyayo za miaka. Alishika kishikio kwa mkono mmoja, akatanguliza mguu mzima, akauvuta mwingine. Sauti mbili zilipokezana, moja laini na moja kavu. Kwenye ghorofa ya kwanza mlango ulifunguliwa, mwanamke mwenye mwiko mkononi akatoa kichwa, akaona, akaita ndani, na nyumba nzima ikatoka.

"Karibu nyumbani, Mama!"

"Sijafika bado. Usinikaribishe kwenye ngazi."

Ghorofa ya pili aliipita bila kupumzika. Kabla ya kufika ya tatu alisimama, jasho likimtiririka shingoni, na mdogo wake akafungua kinywa.

"Usiseme," alisema Mama Mkubwa.

"Sikusema kitu!"

"Umepumua kama mtu anayetaka kusema."

Chini yao watu walikuwa wameanza kufuata polepole, wakiacha nafasi, kama msafara wa bibi harusi. Nukta alikuwa nyuma yake hatua chache, na macho yake hayakubanduka kwenye kile kisigino. Kila kilipoinuka, wayo uliinuka nacho, kiasi kidogo tu, kiasi kilekile kilichoandikwa, na kuipita ncha ya ngazi bila kuigusa. Aliiona pembe ile ikifanya kazi. Katika maisha yake ya kusoma na kuandika alikuwa hajawahi kuona namba ikipanda ngazi.

Mwisho wa ngazi Mama Mkubwa aliachilia kishikio. Alitembea ukumbini hadi mlangoni kwake bila kuegemea kitu, akatoa ufunguo, akafungua. Vigelegele vilipasuka kuanzia ghorofa ya tatu na kushuka hadi chini, vikipokelewa mlango kwa mlango. Fundi alikuwa akipiga makofi na kulia bila kuficha, huku akimweleza jirani asiyemjua jinsi kikombe kilivyokuwa hakijapigwa tupa hata chembe.

Mama Mkubwa aliingia, akageuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Ahsanteni sana. Sasa nendeni kwenu."

"Hata maji hutupi?" alisema mdogo wake.

"Kesho, maji na chai. Leo nataka kuwa kwangu."

Akafunga mlango. Walitazamana, kisha wakaanza kucheka, na walicheka njia yote ya kushuka. Walipofika barabarani dirisha la ghorofa ya nne lilifunguliwa kwa kishindo, kichwa kikatokea.

"Wewe mdogo wangu! Kilemba chako kimepauka! Nakiona kutoka huku juu!"

Wapita njia waliinua nyuso. Mama yake Nukta alijishika kiuno, akauinua uso wake juu, wenye machozi na furaha tupu.

"Kama una maneno, shuka uniambie hapa!"

"Nashuka!"

Dirisha likafungwa. Hakuna aliyesogea. Ndani ya jengo, juu kabisa, sauti mbili zilianza kupokezana, moja laini na moja kavu, nao wakabaki pale barabarani wakimngoja.